LUKU ilitufundisha kuhesabu umeme, sasa tunahesabiana watu

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu wote.

Naleta jambo ambalo kila aliyewahi kupanga chumba Dar analijua, ila huwa tunalizungumza tukiwa tumeshakasirika, korido nzima giza, kila mtu ameshika simu ya tochi na kila mtu anasema mwezi huu yeye ameshatoa. Naomba safari hii tulizungumze taa zikiwa zinawaka.

Naishi Tabata, nyumba ya wapangaji, vyumba saba, mita moja ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kwanza. Yupo fundi cherehani. Ipo familia ya mama anayeuza vitumbua, yenye friji na televisheni. Yupo kijana wa bodaboda anayerudi kulala tu, dada muuguzi wa zamu za usiku, mwalimu, na mzee mstaafu mwenye taa moja na redio. Kila mwezi tunachanga. Uniti zikianza kukaribia sifuri, maneno yanaanza: nani anapiga pasi usiku, nani ana hita ya kuchovya kwenye ndoo, mgeni wa nani ameingia wiki ya pili.

Hilo la mgeni ndilo limenifanya niandike. Nimemsikia mtoto mdogo wa nyumba yetu akimwambia shangazi yake aliyetoka Singida, "Shangazi zima taa, utamaliza LUKU ya watu." Hakutumwa na mtu. Ameokota maneno ya wakubwa. Yule mama alizima taa akakaa gizani, na mimi nikaona hapa kuna kitu tumekipoteza bila kukubaliana kukipoteza.

Siichukii LUKU. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo ilianza miaka ya 1990, na kwa mtu anayepata cha leo akala leo ilikuwa nafuu kubwa. Unanunua ulichonacho, na ukiishiwa unajua umeishiwa. Hakuna bili ya mwisho wa mwezi kama zamani, hakuna deni la mpangaji aliyehama.

Ila tazameni jinsi kulipa kwanza kulivyoingia kila mahali. Muda wa maongezi, bando, umeme, kadi ya kupita kivukoni Magogoni, sasa hadi gesi ya kupikia yenye mita juu ya mtungi, unalipia kwa simu na ikiisha moto unazimika. Siku nzima mtu wa Dar anapita kutoka salio hili kwenda salio lile. Hata kuamka usiku umebaki gizani kuna utaratibu wake: kwanza unachungulia dirishani. Kwa jirani kukiwa giza pia, umeme umekatika, unarudi kulala. Kwa jirani kukiwa na taa, umeisha, na hapo moyo unaanza kwenda mbio kwa sababu ni zamu ya mtu fulani kununua. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipopungua baada ya Bwawa la Nyerere la kufua umeme kuwasha mtambo wa kwanza Februari 2024, kwetu ilikuwa kheri, lakini pia tukakosa kisingizio. Sasa giza likiingia, mara nyingi ni letu wenyewe.

Kununua kidogo kidogo si jambo jipya kwetu. Tumekua tukitumwa kwa Mangi wa duka la mtaani: mafuta ya kupima, sukari robo, kitunguu kimoja, mkaa wa kopo. Tofauti ni kwamba Mangi alikuwa na daftari. Mtoto anatumwa, "mwambie baba atapita jioni," na mzigo unatoka. Mangi anaijua sura yako, anajua unafanya kazi bandarini, anajua mwezi uko wapi. Zile siku mbili tatu za kusubiri hela alizibeba yeye. Mita haina daftari. Ikifika sifuri inakata, iwe ndani kuna mgonjwa, iwe kuna mtoto anajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Zile siku mbili tatu bado zipo, kwa sababu mishahara na vibarua havijabadilika. Sasa zinabebwa na nani? Na mtu wa chumba cha pili. Ndiyo maana ugomvi umehamia ndani ya nyumba.

Kuna wanaosema siku hizi unaweza kukopa salio kwenye simu. Ni kweli, na linasaidia. Ila linakatwa pamoja na ada mara tu hela ikiingia, bila mtu kukuuliza umeamkaje.

Nataka kujua kwenu mnaishije na mita moja.

#2

Mkuu mleta mada, kuhusu bili umepita haraka sana. Mimi nilipanga Manzese wakati wa bili. Msoma mita anakuja mchana watu hawapo, mwenye nyumba anapokea karatasi, anagawa anavyojua yeye. Mtu aliyehama amekula miezi, sisi tuliobaki tunalipa. Siku ya kukata wanakuja na ngazi, mtaa mzima unatazama. Aibu ile sitaki hata kuikumbuka. Leo nikiishiwa naishiwa kimyakimya, natafuta elfu mbili, nanunua. Huo ukimya unaoulalamikia mimi nauita heshima.

#3

Mimi ni fundi umeme. Naomba niweke maelezo hapa kwa sababu watu wengi wanaibonyeza ile rimoti ya LUKU ya kuingizia namba bila kujua ndani kuna nini, halafu wanalaumiana.

Mita ya kawaida ya LUKU haiko kwenye mtandao. Haiongei na mtu yeyote. Ndani yake kuna ufunguo wa siri, na mfumo unaouza umeme una ufunguo huohuo wa mita hiyo. Ukinunua, uniti zako na muda wa ununuzi vinafungwa kwa ufunguo huo na kutoka kama tarakimu 20, ndiyo tokeni. Mita inazifungua, inaongeza uniti, na inakumbuka kwamba tokeni hiyo imeshatumika, hairudii. Ndiyo sababu tokeni yako haiingii kwa jirani. Na ndiyo sababu unaweza kuipokea kwa meseji Kariakoo, ukamsomea mtu aliye Songea, akaiandika kwenye karatasi na kuiingiza kesho yake asubuhi, ikakubali.

Ule muda unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa ndani ya tokeni kwa ajili ya hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16.7 hivi, na zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule mliponunua umeme mlipewa seti tatu za namba, mbili za kuiandaa mita na ya tatu ya umeme wenyewe. Lilifanyika duniani kote kwenye mita za mfumo huo, ambao asili yake ni Afrika Kusini. Aliyewaambia mita ilikuwa inaongezwa kasi aliwapotosha.

Nimeyasema haya kwa sababu moja. Mita inajua uniti tu. Haimjui mwenye friji, haimjui mwenye redio. Mnapoiuliza mita moja nani kala umeme, mnaiuliza swali ambalo haina jibu lake.

#4

Kaka mleta mada umenigusa. Mimi ndiye yule "mwenye friji" wa nyumba yetu, Mbagala. Nauza barafu, maji ya baridi na juisi ya ukwaju, ndiyo inayosomesha wanangu. Nilikuwa natoa mchango mara mbili ya wenzangu na bado nikipita korido naona macho. Kila umeme ukiisha, ni mimi. Hata siku niliyozima friji wiki nzima nimesafiri kwenye msiba, waliniambia ni mimi.

Nilimwita fundi akanifungia sabmita ya kwangu, mita ndogo inayopima matumizi yangu peke yangu. Nilinunua Kariakoo kwa hela ya mchezo. Sasa mwisho wa mwezi namwita jirani mmoja, tunasoma pamoja, tunaandika kwenye daftari la shule la mwanangu, nalipa uniti zangu zote. Macho yameisha. Na cha ajabu nikasikia raha ya kuwapa majirani barafu ya bure, kwa sababu sasa ni yangu ninayotoa.

#5 Mleta mada

Nimerudi. Nimesoma yote, asanteni.

Mkuu wa #2, nakubaliana nawe kuhusu aibu ya ngazi, na sitaki turudi kule. Dada wa #4, maneno yako ya mwisho nimeyarudia mara mbili. Yanaelekea hasa nilikotaka kufika, na maelezo ya fundi yamenisaidia kuyaweka kwa hesabu.

Nimekaa na mwalimu wa nyumba yetu tukapiga hesabu kwa karatasi. Wengi tuliomo kwenye nyumba za kupanga tuko kundi la matumizi ya kawaida: uniti moja Sh 292, ukiweka VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji), inafika Sh 356. Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja.

Sasa shangazi wa Singida. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha, saa 10, inakula uniti 0.09. Hiyo ni Sh 32. Huyo ndiye mgeni aliyezimishwa taa.

Simu. Hapa kwetu kijana wa bodaboda alishaambiwa asichaji simu mbili. Betri ya simu hizi za kawaida ya mAh 5,000 inabeba kama wati-saa 19, ukiongeza kinachopotea kwenye chaja fanya 25. Uniti moja inachaji simu mara 40. Kuijaza simu mara moja haifiki Sh 10. Tumewahi kununiana wiki nzima kwa ajili ya Sh 10, na niko tayari kuandika hesabu hiyo mlangoni pa kila nyumba ya kupanga Dar es Salaam.

Halafu geuka upande wa pili. Hita ya kuchovya ya wati 1,500, dakika 20 za maji ya kuoga: nusu uniti, Sh 178. Mtu akioga hivyo kila asubuhi, mwezi unakula zaidi ya Sh 5,000. Maharage kwenye jiko la umeme la sahani moja la wati 1,000, saa mbili: uniti 2, Sh 712 kwa sufuria moja (maharage hayohayo kwenye jiko la presha la umeme ni chini ya nusu uniti, wenye nalo wanajua). Friji ndogo ya kawaida inakaribia uniti moja kwa siku, kwa hiyo dada wa Mbagala ni kama Sh 10,000 na kitu kwa mwezi, na analipa. Fundi cherehani wetu tulimwonea kabisa. Mota ya cherehani ni wati 100 hivi na inakula pale tu anapokanyaga. Kinachokula kwake ni pasi ya kunyooshea mishono, na pasi ile tunaiazima sisi sote tukienda kanisani na msikitini.

Kwa hiyo naona tatizo letu ni kwamba tunahesabu nusu. Tunahesabu kinachoonekana: taa inawaka, mtu mgeni, simu iko ukutani. Hita iko ndani ya chumba imefungiwa mlango, haionekani, haisemwi. Mtu akihesabu mpaka mwisho anakuta mgeni hana hatia, mzee wa redio hana hatia, na mtoto anayesoma hana hatia. Hesabu kamili ingetufanya wakarimu zaidi ya tulivyo.

Kuna jambo lingine liliniuma zaidi tulipoliona. Kundi la matumizi madogo linalipa Sh 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukiweka kodi na tozo, uniti 75 zote ni Sh 9,150. Hilo liliwekwa kwa ajili ya wenye kipato kidogo. Sasa chukua vyumba saba, kila chumba uniti 20 tu kwa mwezi, matumizi ya chini kabisa. Jumla ni 140 kwenye mita moja. Tumevuka 75, tunalipa Sh 356 kila uniti, karibu Sh 50,000. Kila chumba kingekuwa na mita yake kwenye lile kundi, jumla ingekuwa kama Sh 17,000. Yaani mtu mwenye nyumba yake, mita yake, taa zake chache, anapata bei ya chini, na mzee wangu mwenye taa moja na redio analipa bei ya juu kwa sababu ukuta wake umeungana na kuta za watu wengine sita. Naomba wanaopanga bei waione hii nyumba ya uswahilini ilivyo. Watu wengi wa mji huu wanaishi humo.

#6

Mimi ni mwenye nyumba, Temeke. Sijaja kujitetea, nimekuja kuongeza.

Mmesahau kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni Sh 1,500. Ghorofa ni Sh 7,500 kwa kila sakafu. Inakatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Maana yake mpangaji anayewahi kununua tarehe moja, elfu kumi yake inatoa uniti 23 na kitu badala ya 28, halafu wenzake wanamwona kaiba.

Kodi ile ni yangu mwenye jengo, haimhusu mpangaji. Kwangu nimeandika kwenye mkataba: Sh 18,000 kwa mwaka napunguza kwenye kodi ya vyumba, wanagawana wenyewe. Wenye nyumba wenzangu, haitugharimu kitu kikubwa, na inaondoa fitina.

Kuhusu mita kwa kila chumba, nakubali ingekuwa vizuri, lakini kuvuta laini na kubadilisha waya wa nyumba ya zamani ni hela. Nimeanza na mbili, za vyumba vya mbele vyenye maduka.

#7

Kwenye bando ni hivyohivyo wakuu. Chuo tulikuwa tunakaa wanne chumbani Sinza, mmoja ananunua bando, wote tunaungwa kwa hotspoti. Yule aliyeangalia mpira ndiye aliyelimaliza lakini aliyelaumiwa ni aliyefungua meseji za nyumbani, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika simu lilipokata. Bando la siku ukiligawa kwa MB ni ghali kuliko la mwezi, kila mtu anajua, ila la mwezi linataka hela yote leo.

#8

Mleta mada amegusia hapo juu gesi ya mita. Bibi yangu Kigogo anayo. Zamani mtungi wa kilo 6 ukiisha anarudi kwenye mkaa mpaka tumtumie hela ya mtungi mzima. Sasa analipia elfu mbili anapika. Serikali imesema inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nadhani kwa watu kama bibi yangu njia ni hii, kwa sababu mshindani wa gesi ni mkaa wa kopo, na kopo halihitaji hela nyingi kwa mpigo. Hilo naona mleta mada angelipa uzito wake.

#9 Mleta mada

Mkuu wa #8, umesema kweli na nimelipokea.

Nataka nizungumzie alichogusia fundi, ile tokeni kusomewa mtu wa mbali. Naona hapo ndipo kulipa kwanza kulipotupa kitu ambacho wazee wetu hawakuwa nacho.

Mama yangu yuko Lushoto. Zamani kumsaidia mzazi ilikuwa kutafuta mtu anayepanda basi, unampa bahasha, unaomba Mungu. M-Pesa ilipokuja mwaka 2008 ikawa dakika moja. Halafu tukaweza kununua umeme wake moja kwa moja, namba ya mita ninayo kwenye simu, nakaa ofisini Posta nawasha taa Lushoto. Furaha yake sitaisahau. Aliwaambia majirani wote kwamba taa ile inawashwa kutoka Dar.

Tulipokwenda nyumbani Desemba, mdogo wangu akabonyeza rimoti kuangalia salio. Uniti zilikuwa nyingi, za miezi kadhaa zimerundikana. Mama alikuwa anawasha taa ya sebuleni wakati wa kula tu, kisha anazima, anakaa uani na tochi. Tukamuuliza. Akasema, "Umeme ninao wa kutosha. Ila kila nikiwasha naona hela ya mwanangu inateremka." Ile skrini inayoonyesha namba ikishuka, kwake ilikuwa ni jasho langu linashuka. Alikuwa ananihesabia mimi.

Tuliongea naye jioni ile kwa muda mrefu, ndugu wote. Hakutaka kuacha kubana. Alichotaka ni kupewa hela mkononi, aamue mwenyewe kama ni umeme, au ada ya mjukuu, au rambirambi ya jirani. Akasema mtu mzima anayenunuliwa umeme bila kuulizwa anajiona kama amelazwa hospitali. Tangu siku hiyo tunamtumia hela, na yeye ndiye anayetupigia, "Leo nimenunua umeme wa elfu tano." Na sebule inawaka. Ameweka hadi taa ya nje, kwa ajili ya watu wanaopita njiani kwenda msikitini alfajiri.

Ndugu zangu mnaowanunulia wazazi umeme, ni jambo jema sana, endeleeni. Ila waulizeni wanaonaje, na mkienda nyumbani bonyezeni ile rimoti muone.

Tena mkuu wa #2, hapa ndipo ninapotofautiana nawe kidogo kuhusu ukimya. Kuishiwa kimyakimya ni heshima kwa mtu mwenye pa kupata elfu mbili. Mzee wa nyumba yetu alikaa siku mbili bila kuchanga mwezi wa nne, hakusema, na sisi tukasema maneno. Alikuwa anaumwa, hela yote imekwenda dawa. Zamani angemtuma mtoto kwa jirani na kikombe kuomba chumvi, na kile kikombe kingetueleza kila kitu. Simu haitoi habari ya namna hiyo. Kwa hiyo sasa inabidi sisi wenyewe tugonge mlango na kuuliza, na naomba tuizoee kazi hiyo.

#10

Mleta mada, mimi nataka kujua tu mmeamuaje nyumbani kwenu. Hapa Buguruni tuko vyumba vitano na kesho ni kikao cha LUKU. Na sabmita mkitumia, mnagawaje hela?

#11 Mleta mada

Mkuu wa #10, tulikaa Jumapili jioni, watu wote saba, karatasi ya mwalimu imebandikwa ukutani.

Tulivyokubaliana: taa, simu na redio havihesabiwi kabisa, vya kila mtu na vya mgeni wake. Hivyo vinalipwa na mfuko wa nyumba, kila chumba kinatoa kiasi kilekile kidogo. Friji na televisheni ya ile familia vina sabmita. Pasi ni ya pamoja, ina siku zake mbili kwa wiki, na fundi cherehani analipia siku zake za ziada. Hita zimetolewa hadharani, zilikuwa tatu, na kila mwenye nayo anaongeza mchango wake. Feni tulibishana sana. Ya wati 60 ikiwaka saa 8 za usiku ni karibu nusu uniti, Sh 170, kwa hiyo kwa mwezi si kidogo. Lakini Dar ya Januari bila feni na mtoto mchanga ndani haiwezekani. Tumeamua feni ya chumba chenye mtoto mchanga au mgonjwa haihesabiwi, nyingine zinahesabiwa kuanzia Desemba mpaka Machi. Dada muuguzi hakuridhika kwa sababu analala mchana wakati wa joto kali, na ana hoja. Tutalirudia.

Kodi ya jengo, mwenye nyumba amekubali kuipunguza kwenye kodi baada ya kuonyeshwa risiti. Namshukuru mzee wa Temeke hapo juu, maneno yake nilimsomea mwenye nyumba wetu.

Zile siku mbili tatu za kusubiri hela, tumefungua daftari. Kila mwezi tunaweka akiba ya elfu kumi kwa mama wa vitumbua. Mtu akikwama zamu yake, inatoka pale, anaandikwa, anarudisha akipata. Mzee wa redio tulitaka asichange chochote. Amekataa. Amesema anatoa elfu mbili yake kama kawaida na jina lake lisomwe pamoja na ya wengine, kwa hiyo limeandikwa.

Kugawa kwa sabmita: soma mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi, toa, zidisha uniti zilizotumika kwa Sh 356, basi. Msome wawili, kila mara. Ya kawaida isiyo na tokeni inatosha, ulizia maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, na hakikisha anayeifunga ni fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa sababu nyaya za nyumba hizi ni za siku nyingi. Kwenye kikao kesho anzeni na karatasi ya hesabu kabla mtu hajasema neno, na mwenyekiti awe mtu asiye na hita.

Ukishamaliza kikao njoo utueleze mlivyoamua kuhusu feni.